Mkwe Chini ya Dirisha

Kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa, jambo jipya la shule huja na kofia. Walimu wanaitwa kwenye semina, wanapewa kofia, daftari na soda, na kwa siku chache wanafundishwa kwamba yale waliyofundishwa kwenye semina iliyotangulia yalikuwa na kasoro. Nimefundisha muda wa kutosha kuwa na kofia za rangi zote. Moja inasema mtoto asomeshwe kwa lugha anayoielewa. Nyingine inasema Kifaransa kianze mapema. Ile ya kijani, ambayo mume wangu huivaa akienda shambani, inasema kila mtoto ana haki, bila kutaja haki ya nini, nadhani kwa sababu kitambaa kiliisha.

Semina ninayoikumbuka hapa ilileta wazo ambalo, kwa haki, halikuwa baya. Tuliambiwa kwamba watafiti wamejiuliza kwa nini walimu wanakwenda semina kila mwaka na watoto bado hawasomi, wakaona kwamba mwalimu habadiliki kwa kusikiliza hotuba. Anabadilika pale mtu anapoingia darasani kwake mara kwa mara, anakaa nyuma, anamtazama akifundisha, kisha wanazungumza wawili, uso kwa uso, siku ileile, kabla jambo halijapoa. Mtu huyo awe direkta, yaani mkuu wa shule. Waanze na walimu wa mwaka wa kwanza, maana kusoma kunaanzia huko, na kitabu kipya cha Kiswahili kilikuwa kimeingia, kinachoanza na sauti: mtoto aisikie, aitamke, aijue herufi yake, ndipo aunganishe. Mwalimu ambaye hadi mwisho wa mwaka wa shule atakuwa hajatazamwa na kukosolewa na direkta wake, atatolewa mwaka wa kwanza.

Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Mume wangu, aliyekuwa amekaa mbele na madirekta wenzake, aligeuka akanitazama. Yeye ndiye direkta wa shule yetu. Na mwalimu wa mwaka wa kwanza wa shule yetu alikuwa mama yangu.

Aliye mbali na sisi anaweza kusema: basi kuna ubaya gani, si watu wa nyumba moja? Ndiyo ubaya wenyewe. Sisi ni Wabembe, na katika ukoo wetu mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kupishana. Wakikutana njiani, yeye anaingia kwenye majani na mama anavuta kitenge kichwani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawasemeshani. Salamu zinapita kwa binti, yaani kwangu. Tangu niolewe nimebeba salamu, pole, habari za misiba na bei za ndagala, dagaa wa ziwa letu, kutoka mdomo mmoja kwenda sikio jingine, hata kama wote wawili wako uwanja mmoja na kila mmoja amesikia. Sijawahi kuona kwamba ni mzigo. Nilikuwa nikijiona kama mlango tu, na mlango haujiulizi.

Mume wangu alipopewa udirekta, shule ilijipanga. Siku za mkutano wa walimu, mama alikaa karibu na mlango, nyuma ya mwalimu wa mwaka wa tano ambaye Mungu alimjalia mgongo mpana. Karatasi za ofisi zilipita kwangu. Mambo yakaenda. Kilichokuja kuharibu utaratibu huo ni kofia ya semina ile, ya rangi ya machungwa.

Mama alikuwa amefundisha mwaka wa kwanza tangu kabla sijazaliwa. Mimi mwenyewe alinifundisha, wala hakunihurumia. Wenye maboti, wauza mafuta, wachungaji, hata vijana wa familia za Waislamu za pwani ya ziwa ambao leo wana maduka, wengi wao walishikwa vidole na mama yangu kabla ya kushika kalamu peke yao. Aliwahi kupewa mwaka wa tatu akakataa. Alisema wazi kwamba hataki kingine duniani. “Mi nitatoka mwaka ya kwanza siku banaenda kunizika,” alikuwa akisema, na aliyasema bila utani.

Darasa lake lilikuwa limejaa kupita kiasi. Shule ya msingi ilipofanywa bure, watoto waliokuwa wakikaa nyumbani walikuja, jambo jema. Kisha ziwa likapanda likala madarasa ya shule jirani, na watoto wa kule wakamiminwa kwetu. Wakaongezeka waliokimbia vita milimani, na wachache wa Kirundi ambao wazazi wao walitoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda kuja kutafuta vibarua mjini. Walikaa kwa kubanana kwenye dawati, wengine chini, wengine kwenye kizingiti. Paa ni la bati, na mvua ikipiga bati shule nzima inasimamisha masomo kwa sababu hakuna anayesikia kitu. Isipokuwa mama. Yeye aliendelea kufundisha kwenye mvua, akipita katikati ya watoto, akiwatazama midomo yao, akisahihisha. Walimu vijana walikuwa wakisema, muone mwalimu wa zamani, hashindwi hata na mvua. Nilijivuna sana.

Tulikwenda kumuuliza mjomba, kaka mkubwa wa mama, kama kuna njia. Mume wangu alitoa hoja vizuri. Alisema amesikia kwamba heshima ya ukwe inaweza kulegezwa: mkwe anatoa mbuzi na kitenge, ukoo unakaa, na kuanzia hapo anaruhusiwa kula mbele ya mama mkwe. Mjomba alimsikiliza hadi mwisho, maana ni mtu wa adabu.

“Mbuzi ya kula pamoja iko,” alisema. “Lakini mbuzi ya kumukosoa mama mukwe, ile haiyazaliwa.”

“Ni kazi ya leta, Mjomba,” alisema mume wangu, yaani ya serikali.

“Leta iko na mama mukwe?”

Njiani mume wangu alisema kwamba mwongozo wa semina haukuandikwa na mtu aliyeoa. Lakini ni mtu mwenye kichwa, sikuolewa naye kwa sababu ya sura. Akafikiri kwamba mwongozo unamtaka awe kwenye somo na asikie, basi anaweza kusikia bila kuwa ndani. Jumatatu iliyofuata alichukua kigoda kutoka ofisini, akakiweka nje ya darasa la mama, chini ya dirisha la upande wa ziwa, akakaa huku ameupa ukuta mgongo na karatasi iko magotini. Madirisha yetu hayana vioo wala mbao. Ni matundu tu.

Baraka ilipata la kucheka. Njia ya kutoka ufukweni inapita pale pale, na akina mama waliobeba ndagala walipunguza mwendo.

“Direkta, bamekutosha inje? Ulifanya fujo?”

“Niko na kazi.”

“Kazi ya kuchunga mama mukwe asikimbie?”

Alivumilia. Ndani, mama alifundisha kana kwamba hakuna mtu, isipokuwa kitenge kilikuwa begani, tayari kuvutwa. Jioni, mazungumzo ya uso kwa uso yalifanyika kupitia uso wangu. Mwongozo ulikuwa na maswali yake na yalipaswa kuulizwa kwa utaratibu. Nilivuka barabara hadi nyumbani kwa mama.

“Direkta anauliza, katika somo ya leo nini njo iliendea muzuri.”

“Umuambie yote.”

“Anauliza tena, nini ungependa kubadirisha.”

“Direkta,” alisema mama, akaendelea kusonga ugali.

Nilipeleka jibu kama lilivyo. Mume wangu alicheka hadi akapaliwa, kisha akaandika kwenye karatasi kwamba mwalimu anajiamini. Tuliendelea hivyo majuma mengi, na lazima niseme kwamba ulikuwa wakati mzuri. Walimu wengine walikuwa wakitokwa jasho direkta akiingia kwao. Mama alikuwa akitoa majibu yaliyonifanya nicheke peke yangu barabarani.

Karatasi ya kumtazama mwalimu inauliza habari za mwalimu. Je, anatembea kati ya madawati, anatabasamu, anaandika kwa mwandiko mzuri? Mume wangu hakuweza kujibu hata moja, kwa kuwa alikuwa anatazama ziwa. Kwa hiyo alisikiliza watoto. Hilo halimo kwenye mwongozo. Akaanza kuwajua kwa sauti, huyu wa kikohozi, huyu wa haraka, huyu anayengoja wenzake. Na mtu mmoja alimjua zaidi kuliko wote, kwa sababu ni binti yetu wa mwisho. Mama alikuwa amemweka upande wa dirisha, mbali na meza yake, watu wasije wakasema anapendelea mjukuu.

Mchana mmoja mume wangu alirudi nyumbani, akakaa mezani, hakugusa sombe, mboga yake ya majani ya mihogo.

“Kunena kweli, bale batoto ba pa dirisha habasome,” aliniambia. “Banafuatisha tu benzao. Bale ba upande ule mungine akikosea mutoto, Mama anamurudisha pale pale. Ba pa dirisha banakosea, na ye anasema: muzuri, endelea.”

“Na wetu?”

“Wetu iko kati yao.”

Niliudhika, si kidogo. Nilikuwa nimedhani mtoto wetu hasomi kwa sababu bado ni mdogo, na kumbe bibi yake alikuwa akimsifu kwa makosa. Nilijiambia labda amechoka. Nilijiambia labda anafanya makusudi, kumwonyesha mkwe wake kwamba kigoda chake hakimtishi. Nilivuka barabara nikiwa na ujumbe mkali kuliko yote niliyowahi kubeba kati yao.

Mama alikuwa kwenye baraza akichagua mchele kwenye ungo. Nilisimama kando yake nikausema wote, bila kuupaka asali: watoto wa dirishani hawasomi, na Mama anawaambia vizuri. Hakujibu. Aliendelea kutupa vijiwe. Nikajua amekasirika, nikarudia kwa sauti ya juu kidogo. Hakujibu tena. Basi nikazunguka upande wa pili ili nivute kigoda, na nilipokuwa nainama kukichukua nikasema, zaidi kwa hasira zangu mwenyewe kuliko kwake, “Basi Mama, hata kunijibu hapana?”

Alishtuka. “Kumbe umefika! Habari ya kule?”

Nilikaa. Nikamtazama. Alikuwa ananitazama usoni, mdomoni hasa, kama alivyokuwa akiwatazama watoto kwenye mvua. Ndipo nikaelewa ile mvua. Hakuwa akiishinda. Kwake yeye mvua ilikuwa siku ambayo sisi wengine tulishuka tukawa kama yeye.

“Mama,” nilisema taratibu, “ile sikio ya kushoto, tangu lini?”

Hakujifanya haelewi. Alisema ni tangu ile malaria kali, alipotundikiwa dripu ya kinini siku nyingi, kichwa kikawa kinalia kama filimbi, na filimbi iliponyamaza ikaondoka na sikio. La kulia nalo lilikuwa limeanza kumfuata mwenzake. Alipanga darasa vizuri awezavyo, wale wazito upande wa kulia, wale aliodhani wepesi upande wa dirisha. Mjukuu wake alimhesabu kati ya wepesi.

Kisha akauliza yule mtu wa nje amesema nini. Nikamwambia tena, akinitazama midomo. Aliuweka ungo chini.

“Anataka kuandika?”

“Karatasi inamuuliza.”

“Umuambie asiandike.”

Nyumbani, mume wangu alisema hawezi kuandika uongo. Hakuwa na ukali. Alisema watoto wale wataingia mwaka wa pili wakiimba, wa tatu wakiimba, na watakapofika kwenye Kifaransa wataambiwa ni wajinga. Nikamwambia akiandika, wanamtoa Mama, na akitolewa atakufa. Akasema watoto nao. Sote wawili tulikuwa na haki, na hiyo ndiyo aina ya ugomvi nisiyoipenda kabisa. Nilikuwa nikitaka mmoja wetu awe mpumbavu ili tumalize tulale. Karatasi ya juma lile ilibaki wazi.

Ni mama aliyepata njia. Siku iliyofuata alinituma wakati wa mapumziko. “Umuambie mukwe wangu, kama anaikala pale inje bure, anisikilizie bale bangu ba dirisha.”

Ikawa hivyo. Zamu ya upande wa dirisha ikifika, mtoto anasimama, anageukia tundu, anasoma akiwa anakitazama kichwa cha direkta kwa juu, mahali ambapo nywele zimeanza kumhama. Akisoma sawa, direkta anainua mkono wazi juu ya kizingiti cha dirisha, bila kugeuka. Akikosea, anainua ngumi. Mama anauona mkono, anamrudisha mtoto. Watu wa ukoo waliuliza kama mama mkwe anaruhusiwa kuangalia mkono wa mkwe, wakampelekea mjomba, naye akasema mkono wa juu ya ukuta hauna mwenyewe. Nadhani alichoka.

Wanaofanya utafiti wa mambo haya hawakupita Baraka miezi ile, na mimi siwezi kuthibitisha lolote. Nasema nilichoona. Binti yetu alianza kusoma maneno kwenye mifuko ya unga, kwenye ukuta wa duka, kwenye kofia ya baba yake. Alisoma “haki” akauliza ni nini. Wenzake wa dirishani nao walianza kuyakata maneno silabi kwa silabi wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake. Wakati wa vita vya maneno kati ya walimu kuhusu kitabu kipya, kwamba kinasema “watoto” na sisi tunasema “batoto”, mama alisema watoto hawana shida na kitabu, shida ni watu wazima ambao kila mmoja anataka kitabu kiseme kama mama yake. Wakati ule nilidhani tumevuka.

Wageni walikuja mwaka wa shule ukielekea mwisho. Walikuwa wawili, bwana mmoja wa ofisi ya elimu na mama mmoja aliyetoka Bukavu, mpole, mwenye viatu visivyofaa kwa mchanga wetu. Walitaka kuona kazi ya direkta na mwalimu wa mwaka wa kwanza. Bwana akamchukua mume wangu ofisini kukagua orodha za wanafunzi. Yule mama akataka kuingia darasani, na akaomba walimu wote waje kutazama, kama inavyofanyika kwenye somo la mfano. Hivyo tulisimama nyuma, ukutani, tumebanana na watoto. Kigoda kilikuwa pale nje. Hakikuwa na mtu.

Mama alifundisha vizuri, na hili nasema kama mwalimu mwenzake. Sauti mpya, mfano, wote pamoja, kisha mmoja mmoja. Alichagua wa upande wa kulia, nikajua anachofanya. Yule mgeni naye alikuwa mjuzi wa kazi yake, na baada ya muda akasema, “Na hawa wa dirishani, Mwalimu? Huyu mdogo.” Alimwonyesha binti yetu.

Binti yangu alisimama. Kwa mazoea akageukia dirisha, akatupa kisogo, akasoma mstari mzima kwenye kitabu, taratibu, kidole kikifuata. Hakukosea. Mimi nilisikia kila silabi.

“Amesoma sawa, Mwalimu?” aliuliza mgeni.

Mama alitazama dirisha. Watoto wote nao wakatazama dirisha, wakingoja mkono. Palikuwa na ziwa tu na mwanga wake. Ningeweza kuitikia kwa kichwa kutoka nyuma. Mama alikuwa akinitazama, nilikuwa mbele ya macho yake, na kichwa changu kilikuwa tayari. Lakini yeye alishayaondoa macho kwangu, akamgeukia yule mama wa Bukavu.

“Sijue,” alisema. “Sikumusikia. Na upande huu sisikiake.”

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema chaki imeisha. Binti yetu alibaki amesimama na kitabu chake, hajui kama amefaulu. Nilihisi huruma iliyochanganyika na ghadhabu, na sikujua ghadhabu nimwelekeze nani, kwa sababu hakuna aliyekuwa amefanya vibaya. Nilikwenda nikamkalisha mtoto.

Mgeni hakumdharau mama. Alimkalisha nje, kwenye kile kigoda, na yeye mwenyewe akachuchumaa mchangani na viatu vyake vile, ili mdomo wake uonekane. Alisema kuna mwaka wa tano, ambako kazi kubwa ni kuandika. Alisema uzoefu wake ni mali. Pia alisema, bila kuficha, kwamba anayefundisha sauti lazima azisikie. Mama akamwambia kwamba ni kweli, hata yeye mpishi asiyeonja asingemwajiri. Akakataa mwaka wa tano. Akakunja kitenge, akachukua fimbo yake ya kuonyeshea ubaoni, akaenda nyumbani kabla kengele haijagongwa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake.

Mume wangu alipotoka ofisini, kila kitu kilikuwa kimekwisha. “Ningekuwa pale,” alisema. Nilimjibu kwamba mkono si sera ya elimu. Nilisema hivyo kwa ukali kwa kuwa nilikuwa nimefikiri jambo lilelile.

Sasa mwaka wa kwanza una mwalimu kijana, aliyesomea kazi yake, mwenye masikio mawili. Direkta anaingia kwake, anakaa nyuma, anatazama, na baada ya somo wanazungumza wawili, uso kwa uso, siku ileile. Inakwenda kama ilivyoandikwa. Nilitaka kumchukia yule kijana nikashindwa, anafundisha vizuri. Kigoda kimerudi ofisini. Wauza ndagala wanapita bila kupunguza mwendo.

Mama hakufa, kinyume na nilivyotabiri. Anakaa nyumbani, anachagua mchele wa watu, anagombana na kuku. Haulizi habari za shule. Nilijua anangoja nianze mimi, na mimi nilingoja aanze yeye.

Alasiri moja nilikwenda kumwona na mume wangu akanisindikiza, jambo ambalo halifanyi mara nyingi. Hakuingia, bila shaka. Alikaa nje, chini ya dirisha la chumba cha mbele, ameupa ukuta mgongo, kama alivyozoea. Mimi niliingia. Mama alikuwa ameketi karibu na dirisha hilohilo, sikio la kushoto likielekea nje, anachagua maharagwe. Alijua yuko pale, alikuwa amekiona kivuli chake. Tuliongea habari za mihogo. Kisha mikono yake ikasimama.

“Umuulize,” alisema. “Bale bangu ba pa dirisha. Banasoma?”

Nilifungua mdomo nilipeleke swali nje, kama ilivyo desturi, ingawa mume wangu alikuwa amelisikia kama mimi. Hakuningoja. Kwa miaka yote ya ndoa yetu, mume wangu hakuwahi kumwelekezea mama neno hata moja. Nilisikia mgongo wake ukiachana na ukuta, na sauti yake ikapanda kuliko kawaida.

“Banasoma, Mama. Bote.”

Mama hakugeuka. Alikuwa akinitazama usoni, mkono umejaa maharagwe, akingoja nimpelekee swali lake.

Nikazunguka upande wa kulia, nikainama. “Anasema banasoma,” nilimwambia. “Bote.”

Akaitikia kwa kichwa, akarudisha maharagwe kwenye ungo.

“Umuambie aksanti,” alisema.